Hifadhi ya Taifa ya Giza

Ipo nchi, wala haiko mbali, ambayo jina lake siwezi kulitaja hapa. Kulitaja katika maandishi yasiyo rasmi kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa kibali hicho imehamia jengo jingine ambalo bado halijajengwa. Msomaji asisumbuke. Ni nchi njema. Ina wimbo wake, ina mawaziri arobaini na sita, na ina visiwa vingi hata vingine serikali huvikumbuka wakati wa uchaguzi tu.

Mimi ni mtu wa kisiwa kimoja kati ya hivyo vya kukumbukwa, kinaitwa Nyamkele. Kwetu umeme haujafika. Sisemi hivyo kwa kulalamika, maana nguzo zimefika. Kila uchaguzi mgombea huja na nguzo moja au mbili, akazichimbia mbele ya umati, akapigiwa vigelegele, akaondoka. Tuna nguzo kumi na nne, zimepangana kutoka gatini mpaka zahanati iliyo juu ya kilima. Waya hazina. Kunguru wamezizoea.

Basi siku moja Mheshimiwa Dakta Tamimu, Waziri wa Utalii, Visiwa na Anga, alikuwa safarini kwenda kisiwa kingine chenye hoteli. Boti yake ikaharibika mashine mbele ya kwetu. Akalazimika kulala Nyamkele, jambo ambalo hakuna waziri aliyewahi kulifanya akiwa na akili zake. Usiku akatoka nje kwa haja zake, akainua kichwa, akaziona nyota. Hakurudi ndani. Alisimama pale uani hadi alfajiri, birika la maji mkononi.

Mwezi uliofuata tulimsikia redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "giza la Nyamkele si la bahati. Giza lile limejengwa. Ziko nchi tajiri zilikuwa nalo zikalichezea, leo watu wao wanazeeka hawajaona nyota hata moja. Sisi tumelitunza kwa miaka hamsini ya uongozi thabiti, bila kuyumba, na sasa dunia itatufuata."

Nilifurahi sana kuyasikia hayo. Miaka yote nilikuwa nadhani ni uzembe.

*

Kisiwa kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Giza, na sheria ikatungwa, sura tisa. Ikatakiwa pia mtu wa kuilinda. Mimi, Vuai, nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili na nina mwandiko mzuri, nikaajiriwa kuwa Afisa wa Mwanga, Daraja la Tatu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mwanga haupo.

Nieleze kabisa kwamba mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali. Kazi ikanikuta hivyo hivyo. Wiki ya kwanza nilipita nyumba kwa nyumba nikakusanya kandili, karabai, kurunzi na taa za sola, na kila mwenye kitu nikampa risiti. Simu sikuzichukua, sheria ni ya kiungwana. Nilizibandika utepe mweusi tu juu ya tochi. Nguzo kumi na nne zikapakwa rangi nyeusi zisije zikang'aa. Chakula cha usiku kikaamriwa kiliwe kabla ya magharibi, na mafiga yafunikwe.

Vimulimuli vilinitoa jasho. Vilikuwa vikiwaka kila usiku bondeni bila woga. Niliandika makao makuu kuomba mwongozo. Maofisa walikutana siku mbili katika hoteli moja ya mjini, kisha nikaletewa jibu: vimulimuli ni wazawa, wana haki zao, waruhusiwe kuwaka ilimradi wasikusanyike zaidi ya kumi. Tangu hapo jioni zangu nilizimalizia bondeni, nikihesabu na kutawanya.

Taa zote niliziweka katika ghala la zamani la karafuu pale pwani, nikatia kufuli kubwa la chuma. Siku nalifunga, mkwe wangu, Bi Saada, alikuwa anapita na kapu lake. Akalitazama kufuli.

"Mwanangu, ufunguo wa hilo usije ukauweka mbali," akaniambia. "Kisiwa hiki kina wanawake."

Nilimwelewa. Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu, na uchungu ukawa mzito, hufunguliwa kila kilichofungwa ili mtoto naye afunguliwe njia. Watu hufungua masanduku, milango, vifuniko vya vyungu, hata nywele zilizosukwa. Kufuli moja likisahauliwa, lawama humwangukia mwenye kufuli. Na mke wangu Mwanaidi, binti yake Bi Saada, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nikauvaa ufunguo shingoni.

*

Kandili la zahanati nililifuata mwisho, kwa heshima.

Zahanati yetu ni chumba kimoja chenye pazia katikati na dirisha linaloelekea pwani. Mkunga wake ni Bi Kazija, amewapokea watoto wa kisiwa hiki kwa miaka ishirini na miwili, mimi sikuwahi kumwona akibembeleza mtu. Nilimkuta anachemsha mikasi.

"Afisa," alisema bila kugeuka, "taa hiyo inazalisha."

"Sheria haikuuliza taa inafanya kazi gani, Bi Kazija. Imesema isiwake."

"Na mtu akija na uchungu usiku?"

"Ipo fomu."

Akanitazama kama anavyotazama kidonda kilichofungwa vibaya. Nikaandika risiti, nikaiacha mezani, nikashuka na kandili.

Baada ya wiki mbili Mize, binti wa jirani zetu, alijifungua usiku wa manane. Mtoto alipona. Mize hakupona. Asubuhi Bi Kazija alikuja mpaka ofisini kwangu, hakukaa, mimi nikasimama pia.

"Alitokwa na damu mikononi mwangu na sikuiona," alisema. "Niliigusa nikadhani maji. Gizani damu haina rangi, Vuai."

Hakuniita Afisa siku ile. Nilimpa pole, nikampa na fomu. Alipoondoka nilitembea kutoka gatini mpaka kilimani na kurudi, nikihesabu nguzo, mara saba. Nilikuwa na aibu, nami sikuwa na pa kuiandika.

*

Fomu yenyewe inaitwa G/7, Ombi la Kuwasha Mwanga Hafifu kwa Muda Maalumu. Ina kurasa sita. Mwombaji anatakiwa aipeleke siku ishirini na moja kabla ya tukio, ataje saa ya kuwasha na saa ya kuzima, na aambatanishe picha mbili za pasipoti za mnufaika.

Nilikaa na Mwanaidi uani kuijaza, yaani yeye alikaa, mimi nilizunguka.

"Saa ya tukio?" nikamuuliza.

"Tukio gani?"

"La kujifungua."

"Muulize mwanao," akasema, akaweka mkono tumboni. "Halafu Vuai, kaa chini. Unanizungusha kichwa."

Niliandika saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, nikaiweka mezani kwangu kama mwombaji. Kisha nikazunguka meza, nikaipokea kama Afisa. Nikaisoma vizuri. Lakini kifungu cha thelathini na moja kinamkataza Afisa kupitisha ombi la ndugu, jamaa au rafiki, na mwombaji huyu nilikuwa namfahamu tangu utoto. Nikajikatalia. Nikajiandikia barua ya kujijulisha, nikajikumbusha haki yangu ya kukata rufaa makao makuu, na nikakata. Barua ikaondoka na boti ya Jumanne.

Kabla ya mwezi kuisha nikapata jibu: "Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa. Hata hivyo, picha za mnufaika hazikuonekana."

Nikaandika kwamba mnufaika bado hajazaliwa. Wakajibu kwamba kwa kuwa hajazaliwa, hana haja ya mwanga kwa sasa, niombe tena atakapozaliwa.

Wazo la kumpeleka Mwanaidi mjini tulikuwa nalo. Bi Saada alikuwa ameshafunga mzigo. Lakini ndipo tulipotangaziwa ufunguzi wa Hifadhi.

*

Ufunguzi ulipangwa siku ya sikukuu ya taifa. Mabalozi walialikwa, kadi zikachapishwa kwa wino wa dhahabu: Njooni Mzione Nyota. Nakala yangu nilimwonyesha Bi Kazija kwa fahari. Akahesabu kwa vidole.

"Siku hiyo mwezi ni mpevu," alisema. "Watauona mwezi huo na nyuso zao. Nyota hawazioni."

Nikaandika makao makuu upesi. Iliundwa kamati ya kuchunguza mwezi. Mjumbe mmoja alipendekeza mwezi uombwe uchelewe. Mwingine, ambaye ni mwanasheria, alisema mwezi hauko chini ya Wizara yetu, uko Wizara ya Mambo ya Nje. Mwisho wakasogeza sherehe mbele siku kumi na nne, na boti zote za abiria zikachukuliwa kwa wiki mbili kubebea viti, mahema, maji ya chupa na wageni; safari ya Mwanaidi kwenda mjini ikaishia hapo.

Nilihesabu na mimi. Siku mpya ya sherehe ilikuwa siku ya Mwanaidi kujifungua.

Siku zile sikulala, na mchana sikukaa. Niliweka viti vya kulalia mia moja na ishirini ufukweni, nikavipanga upya, nikavipanga tena. Kila nikimaliza safu moja napanda kilimani. "Bado," ananiambia Bi Kazija. Nashuka. Natawanya vimulimuli. Napanda. Bi Kazija akaniambia kwamba tangu aanze kazi hajapata kuona mimba ya mke inayomkimbiza mume.

*

Siku ilifika. Wageni wakashuka gatini saa kumi jioni, na saa hiyo hiyo Mwanaidi akapandishwa zahanati.

Jua lilipozama, walitazama juu wakanyamaza wote. Siwalaumu. Anga letu usiku usio na mwezi linamnyamazisha mtu. Mimi mwenyewe, niliyelilinda kwa mshahara, nilisimama kidogo, na kusimama si tabia yangu.

Mheshimiwa Dakta Tamimu alipanda jukwaani. Alikuwa na hotuba ya kurasa ishirini na mbili, akaifungua, hakuiona. Akaomba kurunzi. Nikamsogelea nikamnong'oneza kwa unyenyekevu kwamba ipo fomu, siku ishirini na moja. Basi ikabidi aseme ya kichwani, na ya kichwani yalikuwa haya: "Ndugu wageni, giza hili tumelijenga." Aliyasema mara tisa, kila mara kwa sauti nzito zaidi.

Ilikuwa katika mara ya nne au ya tano niliposhikwa mkono. Alikuwa Bi Saada, na nyuma yake wanawake kama kumi na watano, nywele zao zimefumuliwa.

"Mtoto amekwama," alisema chini chini. "Kufuli, mwanangu."

Nikamjibu, "Mama, mle ndani mna taa."

"Sikukuuliza mna nini. Kisiwa kizima kimefunguliwa. Masanduku yamefunguliwa, maduka yamefunguliwa, hata mlango wa msikiti umeondolewa kufuli. Limebaki lako."

Tulikwenda mpaka ghalani, nikasimama mbele ya mlango na ufunguo mkononi. Sura zote tisa za sheria nilikuwa nazo kichwani, nikazipitia haraka. Sheria inakataza kuwasha. Inakataza kubeba kinachowaka. Inakataza kukusudia kuwasha. Kufungua kufuli haimo. Nikajihoji kama nina kusudio. Nikajijibu kwamba ninafuata mila, na mila za Nyamkele zimetajwa katika kijitabu cha Wizara, ukurasa wa tatu, kuwa ni kivutio. Lakini niliyekuwa nikimfikiria ni Mize.

Nikafungua. Kisha nikageuka nikatazama bahari, kama afisa asiyeona kitu. Nyuma yangu nikasikia bati likigongana na bati, na kanga zikipita. Nilipogeuka, ghala lilikuwa wazi na kandili la zahanati halipo. Risiti yake ilikuwa imewekwa rafuni juu ya vumbi, mahali pake hasa, maana mkwe wangu ni mtu wa utaratibu.

*

Nilirudi ufukweni mbio. Mheshimiwa alikuwa ameshuka jukwaani na kukaa katikati ya wageni wakubwa. Kando yake alikaa mtaalamu wa nyota kutoka ng'ambo, bibi mmoja wa makamo aitwaye Madam Hilde, mwenye darubini ya miguu mitatu na Kiswahili alichojifunza vitabuni.

Hapo ndipo dirisha la kilimani lilipowaka. Mwanga ulikuwa mdogo, wa manjano, ukatulia.

"Samahani," akasema Madam Hilde, "ile nyota ya chini, iliyo juu ya kilima, ni ipi? Katika orodha zangu haimo."

Wageni wakageuka wote. Mheshimiwa naye akageuka, kisha akanigeukia mimi.

"Afisa wa Mwanga. Ile ni nini?"

Nikisema taa, ingezimwa pale pale, walinzi walikuwa wamesimama tayari. Miguu yangu, ambayo maisha yangu yote haikupata kutulia, ilitulia. Nilimwona mke wangu kitandani. Nikasema, "Nyota, Mheshimiwa."

"Bila shaka ni nyota," alisema Mheshimiwa, akasimama. "Ndugu wageni, nilikuwa naisubiri muda wote. Ni nyota ya kwetu. Haionekani kwingine duniani. Kwa mamlaka niliyopewa naiita Nyota ya Mkuu, kwa heshima ya Mkuu wa Nchi, ambaye yeye yupo juu, nasi tupo chini yake."

Wakapiga makofi. Madam Hilde peke yake hakupiga. Alielekeza darubini yake kilimani, akainama juu yake, akarekebisha, akatazama tena. Mimi nilisimama pembeni yake. Alitazama muda mrefu sana. Niliona bega lake likicheza kidogo, na alipoinua uso ulikuwa umelowa.

Kutoka kilimani, mbali, kikasikika kilio chembamba. Wageni wengine walidhani ni ndege.

"Ni kweli," Madam Hilde akamwambia Mheshimiwa. "Ni nyota. Changa kabisa."

Akakunja darubini yake, akaniambia mimi, kwa kile Kiswahili chake cha vitabuni, kwamba mama wa nyota hiyo yu salama. Nikapanda kilima kwa kukimbia, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu nguzo.

*

Tulipata binti. Usiku uliofuata kandili lilizimwa, likarudi ghalani, nikaandika kwenye daftari.

Siku ya tatu ikaja barua ya haraka, imegongwa mihuri minne. Wageni walioongezeka jana yake walikuwa wameitafuta Nyota ya Mkuu hawakuiona. "Eleza kwa maandishi, katika siku saba, kwa nini nyota hiyo haikutoka, na ni nani aliyeiruhusu isitoke."

Nilieleza. Niliandika kwamba Nyota ya Mkuu ni ya aina adimu, hutumia mafuta ya taa, lita tatu kwa wiki, na utambi. Nikaandika kwamba hukaa pale tu juu ya zahanati, na kwamba mtu anayeijua tabia yake ni Bi Kazija.

Sijawahi kuona makao makuu yakijibu upesi namna ile. Mafuta yalikuja na boti ya Jumanne, pipa zima, limeandikwa Mali ya Anga. Bi Kazija akaandikiwa barua ya uteuzi kuwa Mtunza Nyota. Aliisoma, akaitumia kuwashia moto wa kuchemshia mikasi. Kitanda alikisogeza mpaka dirishani, na tangu siku hiyo nyota hutoka kila jioni, wageni huitazama kutoka ufukweni na kuandika majina yao kitabuni. Wengine wamelalamika kwamba mara nyingine nyota hutikisika, na mara nyingine hulia. Kijitabu kipya cha Wizara kinasema ndiyo nyota pekee duniani yenye sauti.

Watoto kumi na mmoja wamezaliwa Nyamkele tangu hapo, na mama zao wote wapo.

Wiki iliyopita nilipokea jibu la rufaa yangu, ile ya fomu G/7. Nilipanda nalo zahanati, maana siku hizi ndipo penye mwanga wa kusomea, nikalisogeza karibu na kandili, binti yangu nimempakata. Liliandikwa vizuri, na Mheshimiwa alilitia saini mwenyewe. Lilisema hivi: ombi la kuwasha taa katika zahanati ya Nyamkele limefikiriwa kwa kina na kukataliwa, kwa kuwa taa hiyo ingeweza kuwazuia wageni kuiona Nyota ya Mkuu.

Nilirudia kulisoma, neno kwa neno, mpaka Bi Kazija akafunua pazia.

"Malizia upesi, Afisa, halafu unipishe," alisema. "Nina mtu kitandani, na wewe umesimama mbele ya taa."